Kudhihirisha Upendo: Maneno na Matendo ya Waitaliano katika Maisha ya Kila Siku

1. Utangulizi

Mtu anayejifunza lugha ya kigeni hudhani kwamba kazi yake itakwisha siku atakapojua msamiati na sarufi. Sisi tulidhani hivyo pia, mpaka kosa moja lilipotufundisha vingine. Tunaanza na kosa hilo kwa sababu ndilo lililozaa makala hii.

Miaka michache iliyopita, padri mmoja hapa Lubumbashi alituomba tumsaidie kutafsiri barua. Mzee mmoja wa Kiitaliano na mkewe, ambao hawakuwa na watoto, walikuwa wakilipa masomo ya msichana wa miaka 14 wa parokia yake. Barua ya mzee iliishia kwa maneno haya: «Ti voglio tanto bene, piccola mia. Un bacione.» Kwa haraka, tukiwa na kamusi mkononi, tuliandika: «Nakupenda mno, kipenzi changu kidogo. Busu kubwa.» Siku ya pili baba wa msichana alitufikia na karatasi ile. Hakukaa kitini. Alisema: «Bwana Mwalimu, ninyi mmesoma. Nielezeni: huyu mzee anataka kumsomesha mwanangu, ama anataka kumwoa?» Alikuwa amekwisha kuamua kuzikataa feza zile, na kukataa huko kungalimtoa mtoto shuleni.

Kila neno la tafsiri yetu lilikuwamo katika kamusi, na hata hivyo tafsiri nzima ilikuwa ya uongo. Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini. Tutatazama jinsi Waitaliano wanavyodhihirisha upendo waziwazi kati ya wazazi na watoto, marafiki, jamaa na wapenzi: kwanza kwa maneno, kisha kwa viungo vya mwili, halafu tutaonyesha mipaka ya desturi hiyo. Tutailinganisha na lugha yetu pale tu ambapo ulinganifu unatusaidia kuelewa.

2. Vitenzi vitatu mahali pa kimoja

Katika Kiswahili, kitenzi -penda hubeba mizigo mingi. Twasema «napenda bukari», «nampenda mama», «nampenda mchumba wangu», na msikilizaji hupambanua maana kwa kumtazama anayependwa. Kiitaliano hugawa mzigo huo. Chakula, wimbo au mji husemewa kwa kitenzi «piacere», yaani kupendeza: bukari hunipendeza. Mchumba, mume au mke huambiwa «ti amo». Mzazi, mtoto, ndugu, rafiki, hata mwalimu wa zamani, huambiwa «ti voglio bene», ambayo neno kwa neno ni «nakutakia mema».

Mgawanyo huu haukuzaliwa jana. Catullus, mshairi wa Verona aliyeandika kwa Kilatini katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alikwisha kupambanua «amare» na «bene velle», akieleza kwamba moyo waweza kuwaka tamaa na papo hapo ukapungukiwa na nia njema. Kiitaliano cha leo kimerithi jozi hiyo. Mama anayemwambia mwanawe «ti amo» angeshangaza wengi; lakini «ti voglio bene» husemwa mezani, kwenye simu, kituoni mwa treni, mbele ya watu, bila haya. Vijana huifupisha kwa herufi tatu, TVB, katika madaftari yao na katika ujumbe wa simu. Na anayetaka kuzidisha huandika TVTB, akiongeza «tanto», yaani sana. Wapenzi pia huambiana «ti voglio bene», ila katika hali fulani huweza kuumiza: kijana anayesema «ti amo» akajibiwa «ti voglio bene» hufahamu kwamba amepewa urafiki tu.

Kosa letu la kwanza sasa laonekana. Mzee wa Kiitaliano alikuwa amechagua kwa makini kitenzi kisicho cha uchumba. Sisi tukakitupa katika kitenzi chetu kimoja, na kando yake tukaweka «kipenzi» na «busu». Basi msomaji akaelekea maana ile ambayo mwandishi aliikwepa.

3. Viambishi vya huruma

Njia ya pili ni umbo la neno. Kiitaliano kina viambishi tamati vinavyopunguza ukubwa wa kitu na papo hapo kukitia huruma: -ino, -etto, -ello, -uccio. «Mamma» huwa «mammina», «bacio» (busu) huwa «bacetto» au «bacino», na hata kahawa hupunguzwa ikawa «caffettino» pale mtu anapotaka kumkaribisha mwenziwe kwa upole. Kinyume chake, kiambishi -one hukuza: «bacione» ni busu kubwa. Lakini ukubwa huo, ajabu kidogo, huondoa ukali wa neno. «Bacione» ni neno la shangazi, la babu, la rafiki anayekata simu. Halina joto la wapenzi.

Hapa msomaji wa Katanga ana faida kuliko msomaji wa pwani. Katika Kiswahili sanifu, kiambishi ki- cha kudunisha mara nyingi hudharau: kijitu, kizee. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimehifadhi ka- na tu- za lugha zetu za Kibantu, na tukisema «katoto kangu», hakuna dharau, kuna huruma. Kwa hiyo «piccola mia» ilikuwa na tafsiri yake karibu sana nasi, katika vinywa vya mama zetu. Tuliiacha kwa sababu tulitaka kuandika Kiswahili cha kitabu.

4. Mzazi anayemwita mwanawe «baba»

Yako mazoea mengine ambayo Mwitaliano wa kaskazini huyaona kuwa ya kusini, nasi twaweza kuyatambua mara moja. Huko Napoli, Roma na sehemu nyingi za kusini, baba humwambia mwanawe: «Vieni qua, a papà», na mama: «Mangia, a mamma.» Neno kwa neno ni kama kusema «njoo hapa, kwa baba», «kula, kwa mama». Anayeitwa ni mtoto. Jina linalotajwa ni la mzazi. Wanaisimu wa Italia huita jambo hili «allocuzione inversa», yaani mwito uliogeuzwa. Waarabu nao wanalo: mama humwita mtoto «mama».

Sisi je? Hapa nyumbani baba humwambia kijana wake «baba, njoo ule», na msichana mdogo huitwa «mama» na watu wote wa uani. Kwetu sababu moja ya kawaida ni jina: mtoto amepewa jina la babu au la nyanya, basi mzazi akimwita anamheshimu yule mkubwa aliyetangulia. Kusini mwa Italia pia ilikuwa desturi mwana wa kwanza kupewa jina la babu mzaa baba. Hata hivyo hatusemi kwamba desturi hizi mbili zina chimbuko moja. Katika Kiitaliano, «a papà» hufanya kazi ya kumkumbusha mtoto uhusiano wenyewe: sema nami ukijua mimi ni nani kwako. Ni upendo unaotamkwa ndani ya amri, tena amri ndogo kama ile ya kula.

5. Salamu na viwakilishi

Salamu mashuhuri kuliko zote za Kiitaliano, «ciao», ilitoka Venezia. Asili yake ni «s-ciavo», yaani mtumwa. Aliyesalimu alisema «mimi mtumwa wako». Leo hakuna anayekumbuka utumwa huo: «ciao» ni salamu ya wanaozoeana. «Shikamoo» ya Waswahili wa pwani ilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Wengi huieleza kuwa ni ufupisho wa kushika miguu ya mkubwa, na leo ni salamu ya adabu yenye upole. Huko Sicilia, mpaka karne ya 20, mtoto alimsalimu mkubwa kwa kumwomba baraka, «vossia benedica», na mtu wa chini alisema «baciamo le mani», twabusu mikono. Heshima na upendo vilikaa katika salamu moja.

Pamoja na salamu kuna viwakilishi. «Tu» ni ya karibu. «Lei» ni ya heshima na ya umbali. Mpito kutoka «Lei» hadi «tu» una desturi yake: kwa kawaida aliye mkubwa kwa umri au kwa cheo ndiye anayependekeza, na siku hiyo uhusiano hubadilika. Anayesema Kiswahili cha Lubumbashi ataelewa upesi, maana mzee hatumwambii «uko», twamwambia «muko».

Serikali nazo zimejaribu kuingilia ukaribu huu. Mwaka 1938 utawala wa kifashisti wa Mussolini uliendesha kampeni ya kufuta «Lei» na kulazimisha «voi», na kupeana mikono kukapigwa vita ili watu wasalimiane kwa kuinua mkono. Utawala ulipoanguka mwaka 1943, «Lei» ilirudi. «Voi» ilibaki kusini, ambako ilikuwako kabla ya amri. Wazee wetu waliokuwa wakiitwa «citoyen» na «citoyenne» tangu 1972, mpaka 1990 ambapo «monsieur» na «madame» viliruhusiwa tena, hawahitaji kuelezwa zaidi. Amri yaweza kubadilisha neno la ofisini. Haifiki mbali nyumbani.

6. Lugha ya viungo

Tukiacha maneno, twafika kwenye jambo ambalo mgeni huliona kwanza. Waitaliano hugusana. Jamaa na marafiki wakikutana hubusiana mashavu mawili, wanawake kwa wanawake na wanawake kwa wanaume. Wanaume kwa wanaume hufanya hivyo hasa wakiwa jamaa au marafiki wa siku nyingi, na zaidi kusini. Mwana mtu mzima humbusu baba yake bila mtu kumcheka. Jioni, katika matembezi yanayoitwa «passeggiata», familia nzima hutembea polepole katika barabara kuu ya mji, mabibi wawili wakiwa wameshikana mikono kwa viwiko, «a braccetto», na babu akisimama kila hatua kumi ili kubanwa bega na kufinya shavu la mtoto wa jirani.

Jambo hili liliwavuta wataalamu mapema. Mwaka 1832 padri Andrea de Jorio wa Napoli alichapa kitabu juu ya ishara za mikono za watu wa mji wake, akizilinganisha na zile zilizochorwa katika mabaki ya kale. Alitaka kuonyesha kwamba mikono ya Wanapoli ina msamiati, na kwamba ishara moja hubadilika maana kwa uso na mahali.

Hata biashara imejua kutumia lugha hii. Mwaka 1922, katika kiwanda cha Perugina huko Perugia, Luisa Spagnoli alibuni chokoleti ambayo kwanza iliitwa «cazzotto», yaani ngumi, kwa umbo lake. Jina likageuzwa kuwa «Bacio», busu, na ndani ya karatasi yake huwekwa kijikaratasi chenye neno la mapenzi. Hivyo mtu mwenye haya anaweza kumpa mwenziwe maneno ambayo kinywa chake kimeshindwa kuyatamka.

Na wapenzi? Baada ya riwaya ya Federico Moccia ya mwaka 2006, vijana walianza kufunga kufuli kwenye nguzo za taa za daraja la Milvio mjini Roma na kutupa ufunguo mtoni Tevere. Uzito ulizidi, na mwaka 2012 wakuu wa mji wakaziondoa. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Lakini hakuna aliyeshangaa kwamba vijana walitaka mapenzi yao yaonekane na wapita njia.

7. Upendo unaojulikana

Je, yote haya ni maonyesho tu? Mwitaliano mmoja ambaye jina lake lajulikana sana Lubumbashi alilifikiria swali hili kwa kina. Giovanni Bosco wa Torino (1815-1888), mwanzilishi wa shirika la Wasalesiani waliofika katika mji wetu mwaka 1911, aliweka «amorevolezza», yaani upendo wenye upole unaoonekana, kuwa nguzo mojawapo ya malezi, pamoja na akili na dini. Katika barua aliyoiandika Roma mwezi wa Mei 1884, alifundisha kwamba haitoshi vijana wapendwe. Lazima wenyewe wajue kwamba wanapendwa, na watalijua hilo wakimwona mlezi akiwa pamoja nao katika michezo yao. Hiyo ndiyo hoja ambayo desturi nzima ya Waitaliano huitegemea: upendo usiofika kwa mpendwa bado haujakamilika.

Nguvu ya hoja hiyo ilionekana mwaka 2020. Mwezi wa Machi, ugonjwa wa korona ulipoenea, serikali iliagiza watu waepuke kukumbatiana na kupeana mikono, na wakae umbali wa mita 1 angalau. Baadaye nchi nzima ikafungwa. Watu wakatoka kwenye roshani zao kuimba pamoja na majirani. Mwishoni mwa mwaka ule, katika nyumba za wazee, vilitengenezwa vyumba vilivyoitwa «stanza degli abbracci», chumba cha makumbatio: ukuta wa plastiki laini wenye mikono, ili mzee na mwanawe wakumbatiane bila kuambukizana. Watu hawatengenezi chumba kwa ajili ya pambo la adabu.

8. Mipaka

Hata hivyo mtafiti asitekwe na uzuri wa picha. Kwanza, Waitaliano si mtu mmoja. Wako wa milimani kaskazini ambao ni wachache wa maneno, na wako wa kusini wanaouona ubaridi huo kuwa majivuno. Pili, ukaribu una gharama. Vijana wa Italia huondoka nyumbani kwa wazazi wakiwa wamekaribia miaka 30. Mwaka 2007 waziri wa fedha Tommaso Padoa-Schioppa aliwaita «bamboccioni», watoto wakubwa, akazusha ugomvi mkubwa, maana wengi walijibu kwamba wanaozuiwa na mishahara midogo na kodi za nyumba si watoto.

Tatu, na hili ni zito, kuonyesha upendo si dhamana ya upendo. Mpaka mwaka 1981 sheria ya Italia ilimpunguzia adhabu mtu aliyemwua mkewe, binti yake au dada yake kwa kisingizio cha heshima. Mwaka 2019 ilibidi sheria nyingine itungwe ili mashtaka ya wanawake wanaopigwa nyumbani yashughulikiwe upesi. Wahenga wetu walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Busu la hadharani halituambii kitu juu ya yale yanayotendeka mlango ukifungwa.

Na kinyume chake ni kweli. Wanafunzi wetu hudai mara nyingine kwamba sisi hatupendani, kwa sababu baba zetu hawakutuambia kamwe «nakupenda». Dai hilo halina msingi. Baba anayekwenda kazini kwa miguu ili nauli ya basi iwe malipo ya shule amesema. Mama anayemwekea mwana sahani ya sombe hadi usiku wa manane amesema. Tena sisi pia tunazo ishara za hadharani: tunagusana vichwa tunaposalimiana, kulia na kushoto, na wanaume wawili hutembea wakishikana mikono. Mgeni asiyejua sarufi ya ishara hizo hukosea kama sisi tulivyokosea barua ile.

9. Hitimisho

Kwa ufupi, Mwitaliano hudhihirisha upendo kwa kuchagua kitenzi, kwa kuvalisha neno kiambishi, kwa kugeuza mwito, kwa kiwakilishi na kwa mwili. Kila njia ina daraja zake. Hata mwisho wa barua una ngazi: «cordiali saluti» kwa asiyejulikana, «cari saluti» kwa anayejulikana, «un abbraccio» kwa rafiki au mwenzi wa kazi, «un bacio» kwa jamaa na rafiki wa moyoni. Mfasiri hana budi kutafsiri ngazi, si neno. Kwetu «busu» liko juu kabisa ya ngazi, katika chumba cha wapenzi. «Un bacione» liko chini, sebuleni, kati ya babu na mjukuu.

Tulimweleza baba wa msichana mambo haya, kwa urefu kuliko alivyotaka. Tulikiri kwamba kosa ni letu, wala si la mzee. Kisha tukamsomea tafsiri mpya: «Nakutakia mema mengi, katoto kangu. Nakukumbatia kama babu yako.» Alinyamaza kidogo, akauliza kama mzee yule ana wajukuu. Tukamjibu: «Hapana, Baba, hata mtoto hana.» Ndipo akakaa kitini.

Msichana aliendelea na masomo. Barua ya jibu alituamuru tuiandike yeye mwenyewe baba, neno kwa neno: habari za mvua, za mtihani, za afya ya nyumba. Alipofika mwisho alisita, akasema: «Hapo chini tieni lile neno lao, lile la jamaa. Lakini la kukumbatia, si lile lingine.» Tukaandika «un abbraccio», naye akatia sahihi.